Alama Si Daraja

Binti niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye sasa ni mhandisi wa programu, aliniandikia ujumbe majuzi. "Shikamoo Mwalimu. Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa vijana wanaojifunza kiini cha Linux. Sentensi moja imenikwama kooni, leo siku ya tatu. Naomba uisome." Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Kurekebisha ugunduzi wa gredi ya spidi ya prosesa katika kiendeshi." Chini yake aliongeza: "Kila neno peke yake nalielewa. Yakikaa pamoja hayasemi kitu."

Nilimjibu: "Marahaba mwanangu. Weka maneno kando kwanza. Nieleze hicho kiendeshi kinafanya nini, anzia kiwandani." Alinipigia simu, tukazungumza zaidi ya saa nzima. Linux, alinieleza, ni mfumo endeshi wa kompyuta, na kiendeshi ni programu ndogo ndani yake inayosimamia kifaa fulani. Nilianza nikidhani tunatafuta visawe vya maneno sita. Tulipoagana nilikuwa nimeona kwamba hitilafu aliyokuwa akinieleza ilikuwa yenyewe hitilafu ya istilahi: vitu viwili tofauti vilikuwa vimepewa jina moja, na mashine ikakosea kama anavyokosea mtu.

Tuanze kiwandani, basi. Chipu za prosesa huchongwa nyingi kwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni, kwa mchoro mmoja. Ungetarajia zitoke sawa kama mapacha. Hazitoki hivyo. Njia za umeme ndani yake ni nyembamba mno, kiasi kwamba tofauti ndogo kabisa ya unene huifanya chipu moja istahimili mwendo mkali, na jirani yake ishindwe kwa volti ileile. Kwa hiyo kiwanda huzipima na kuzipanga: hizi zitauzwa kwa gigahezi 1.8, hizi kwa 1.6, hizi zisizidi 1.2. Hakuna iliyo mbovu. Kila moja ina kikomo chake, na kikomo hicho sharti kijulikane.

Mkulima wa tumbaku kule Urambo hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Majani yametoka shamba moja na yamekaushwa katika bani moja, lakini siku ya soko mteuzi anapita, anatazama rangi, anapapasa jani, na kila mzigo unapewa daraja lake. Korosho nazo zina daraja la kwanza na la pili. Lugha yetu imekuwa ikipanga mazao kwa madaraja tangu kabla ya chipu ya kwanza kuchongwa, na msamiati wa kazi hiyo umekomaa: kuna daraja, kuna uteuzi, kuna mteuzi. Sikuona sababu ya mwanafunzi wangu kukopa "gredi" ilhali ghala limejaa. Isitoshe, msomaji wa Nakuru akisikia "gredi" atawaza watoto wa shule, maana huko Gredi ya Nne ni darasa.

Neno daraja limetujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kipandio, hatua ya kupandia. Kwetu limezaa matawi mawili: daraja la kuvukia mto, na daraja la cheo au ubora. "Spidi" nayo niliiweka kando bila ugomvi, kwa sababu "kasi" ipo na inatosha. Mhandisi alinikumbusha kwamba kasi hapa ni hesabu ya mapigo ya saa iliyo ndani ya chipu, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Vizuri. Hata mkimbiaji tunampima kasi kwa kuhesabu. "Daraja la kasi" likapita.

Neno lililotuchukua muda ni "ugunduzi".

Kugundua ni kukutana na kilichokuwa kimefichika. Daktari hugundua ugonjwa, mchimbaji hugundua madini. Kamusi za zamani zinalipa neno hili pia maana ya kushtukiza, kumkuta mtu au mnyama bila yeye kutarajia. Sasa nikamuuliza: "Hicho kiendeshi kinapowaka, kinaigunduaje kasi? Kinaijaribu prosesa, kinaikimbiza mpaka ichoke?" Akasema: "Hapana Mwalimu. Kinasoma tu. Kiwanda kilishaandika."

Hapo ndipo fyuzi zinapoingia. Neno fyuzi kila nyumba yenye umeme inalijua. Fyuzi ikiungua tunasikitika, tunakwenda dukani kununua nyingine. Ndani ya chipu kuna fyuzi ndogo mno ambazo huunguzwa kwa makusudi, na ambayo haijaunguzwa husomeka kama 0, iliyounguzwa kama 1. Kikiisha kupima, kiwanda huunguza fyuzi fulani na kuacha nyingine, na mpangilio wao unakuwa maandishi ya kudumu. Hayafutiki, kwa maana fyuzi iliyoungua hairudi. Ni chale usoni, ni chapa ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo kitenzi hapa hakiwezi kuwa "kuungua", kitu kinachotupata. Ni "kuunguza", kitu tunachokitenda tukijua tunachotaka kusema. Kinyambuo kimoja kidogo kinatenganisha ajali na maandishi.

Kama kiwanda kimeandika, basi kiendeshi ni msomaji. Na msomaji hakosei kwa namna anavyokosea mpimaji. Mpimaji hukosea kwa kifaa kibovu. Msomaji hukosea kwa kutoijua lugha ya mwandishi. Nilimwambia binti yule: ukiandika "ugunduzi", kijana anayetafuta hitilafu atakwenda kutazama vifaa vya kupimia ambavyo havipo. Ukiandika "usomaji", atakwenda moja kwa moja kwenye maandishi na kuuliza yameandikwa kwa lugha gani. Neno sahihi limemwokolea siku nzima.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ndiyo hitilafu yenyewe hiyo, Mwalimu. Lugha zilikuwa mbili."

Akanieleza kisa cha familia ya chipu za i.MX 8M za kampuni ya NXP, zinazotumika katika kompyuta ndogo zinazopachikwa ndani ya mashine nyingine. Mwaka 2019 Linux ilipata kiendeshi cha kusoma madaraja ya kasi ya familia hiyo. Ndani ya familia kuna ndugu, wakiwamo i.MX 8M Mini na i.MX 8M Nano. Kwenye Mini, fyuzi za daraja ni biti mbili, hivyo zinaweza kuandika 0, 1, 2 au 3. Yenye 1 inaruhusiwa gigahezi 1.2, yenye 2 inafika 1.6, yenye 3 inafika 1.8. Namba ikipanda, kasi inapanda.

Kwenye Nano mambo yamegeuka. Fyuzi ni biti nne badala ya mbili, na chipu ya kasi ndogo kuliko zote, ile isiyozidi gigahezi 1.2, inaandikwa 11, ambayo kwa biti ni 1011. Namba kubwa, kasi ndogo.

Hebu sasa msomaji aliyezoea Mini aipokee Nano hiyo. Yeye anajua biti mbili tu, hivyo katika 1011 atasoma mbili za mwisho: 11 ya biti, yaani 3. Na 3 kwa lugha ya Mini ndilo daraja la juu kabisa. Chipu ya mwisho katika ukoo wake imesomwa kama ya kwanza, na fyuzi hazikusema uongo hata moja. Ndiyo maana kiendeshi kililazimika kufundishwa upana wa maandishi ya kila ndugu kabla ya kufundishwa maana yake.

Madhara ya usomaji mbaya si ya kinadharia. Kila kasi hufungwa na volti yake: kwenye Nano, gigahezi 1.2 huenda na volti 0.85, na gigahezi 1.5 huenda na volti 1.0. Joto la chipu hupanda kwa mraba wa volti, tena kwa kasi juu yake. Ukiiruhusu chipu ivuke kikomo chake, inaweza kuzima ghafla, au kibaya zaidi ikaendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu mojamoja ambazo hakuna azionaye. Ukiifungia chini ya kikomo, mnunuzi amelipia mwendo asioupata.

Aliposema "namba kubwa, kasi ndogo", nilimwomba asubiri. Neno nililokuwa nimelipitisha kwa furaha, daraja, lilikuwa limeanza kunisumbua.

Katika Kiswahili, daraja huhesabiwa kutoka juu. Korosho ya daraja la kwanza ndiyo bora. Mwanafunzi wa daraja la kwanza ndiye aliyefaulu vizuri, na wa daraja la nne ameponea chupuchupu. Kadiri namba inavyokua, heshima inapungua. Ngazi, kwa upande wake, huhesabiwa kutoka chini: kijiji, kata, wilaya, mkoa, taifa. Hakuna apandaye ngazi akaanzia juu. Maneno mawili tunayoyachanganya kila siku katika ripoti zetu yana pande tofauti za kuanzia, na masikio ya mzawa yanalijua hilo hata kama hajawahi kulisema.

Kwa kipimo hicho, maandishi ya Mini ni ngazi na maandishi ya Nano yanaelekea kwenye daraja. Mtu anayemwambia kijana wa Kiswahili "prosesa ya daraja la kwanza" akiwa na maana ya Mini yenye alama 1, amempa picha iliyopinduka: kijana atawaza chipu bora kabisa, kumbe ameshikishwa ya mwisho. Nilifikiri kwa muda kwamba suluhisho ni kutumia maneno yote mawili, ngazi kwa hii na daraja kwa ile. Lakini mwongozo wa aina hiyo ungemtaka msomaji ajue jibu kabla ya kuuliza swali.

Suluhisho lilikuja kutoka mahali nilipofanyia kazi miaka yangu yote, kwenye karatasi za mitihani.

Sisi walimu hatusemi kwamba mwanafunzi "ameandika daraja". Mwanafunzi anapata alama. Alama ni namba tupu. Daraja linapatikana baadaye, alama ikipelekwa kwenye jedwali, na jedwali hutofautiana kwa mtihani. Alama 76 ya somo katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni A, kwa kuwa A huanzia 75. Alama hiyohiyo, 76, katika mtihani wa kidato cha sita ni B, kwa kuwa huko A huanzia 80. Hakuna mwalimu ambaye angetangaza daraja la mtoto kabla ya kuuliza: huyu ni wa kidato gani? Na mzazi asiyejua anaweza kumwadhibu au kumsifu mwanawe bure.

Kumbe ndiyo hiyo. Kilichounguzwa kwenye fyuzi ni alama, na alama si daraja. Mini ni kidato kimoja, Nano ni kidato kingine, na kila kimoja kina jedwali lake. Kazi ya kiendeshi ina hatua tatu, na Kiswahili kina neno kwa kila hatua: kinaitambua chipu ni ya ukoo gani, kinasoma alama kwenye fyuzi, kisha kinatafuta daraja la alama hiyo katika jedwali la ukoo huo. "Kutambua" ni kwa chipu, kwa sababu unamtambua unayemjua sura. "Kusoma" ni kwa alama. "Kubaini" ni kwa daraja, kwa sababu daraja linabainika baada ya kulinganisha, halionekani kwa macho. Neno moja, "ugunduzi", lilikuwa limezifunika hatua zote tatu kwa blanketi moja, na chini ya blanketi hilo mtu anaweza kuruka hatua ya kwanza bila kujua ameiruka.

Binti akasema bado kuna jambo moja, na ndilo lililosahihishwa hasa. Zilikuwapo chipu za awali, sampuli, ambazo kiwanda hakikuwahi kuziandika. Fyuzi zote za daraja zilikuwa nzima, zote zikisomeka 0. Hata fyuzi za alama ya pili, ile inayosema chipu imekusudiwa soko gani, nazo zilikuwa 0. Je, hiyo ni chipu ya daraja sifuri?

Mwalimu yeyote atakwambia tofauti ya mtoto aliyepata sifuri na mtoto ambaye hakufika kwenye mtihani. Wa kwanza amepimwa. Wa pili hajapimwa, na haki inataka matokeo yaseme hivyo. Chipu yenye 0 pande zote mbili haijasema kwamba ni dhaifu, haijasema kitu. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha fyuzi hakina mshindo wowote ndani yake. Ni karatasi isiyoandikwa.

Waandishi wa kiendeshi waliamua kwa busara kwamba chipu iliyo kimya ichukuliwe kuwa ya kasi ndogo kuliko zote katika jedwali. Ni uamuzi wa mlezi mwema: mtoto usiyemjua nguvu zake humtwiki ndoo ya lita ishirini. Lakini uamuzi ule uliandikwa kwa namba, na namba iliyoandikwa ilikuwa 1, kwa sababu 1 ndiyo alama ya chini kwenye Mini. Nano isiyoandikwa ikaja, ikapewa 1, na kwenye jedwali la Nano hakuna mstari wa 1. Chipu ikabaki bila kasi hata moja iliyoruhusiwa. Nia ilikuwa "mpe daraja la chini". Kilichoandikwa ni "mpe alama 1". Kwa Mini vilikuwa kitu kimoja, kwa Nano havikuwa, na hakuna aliyeona tofauti mpaka ndugu wa pili alipofika mlangoni. Marekebisho yalikuwa madogo kwa macho: Mini iendelee kupewa 1, Nano ipewe 11. Mstari mmoja au miwili. Lakini ndani ya mistari hiyo alama ilitenganishwa na daraja.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kiendeshi niliona kibaki. Kimejengwa vizuri: kuendesha ni kufanya kitu kiende, na ki- ya mwanzo inatuambia ni chombo, hivyo hakigongani na dereva ambaye ni mtu. Neno hili limewahi kutumika pia kwa kifaa cha diski, na nilimshauri kile akiite diski tu, ili kiendeshi kiwe na bwana mmoja. Kiini cha Linux sikukigusa. Nalo neno kiraka, ambalo vijana wa programu wanalitumia kwa kipande kinachotumwa kuziba hitilafu, linanipendeza kila nilisikiapo, kwa sababu fundi cherehani mzuri huchagua kiraka kwa kutazama kitambaa kwanza, na kiraka cha kanga hakikai kwenye suruali ya jinzi.

Ila "kurekebisha" niliomba likae pembeni. Tunarekebisha kiti kilicholegea, tunarekebisha redio iliyopoteza stesheni. Hapa hakuna kilicholegea. Kulikuwa na msomaji aliyesoma kwa jedwali la mwingine. Neno la kazi hiyo ni lile ambalo walimu huondoka nalo nyumbani pamoja na fungu la karatasi na kalamu nyekundu: kusahihisha.

Nimefuatilia istilahi za kompyuta tangu 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kitovu cha mradi wa Kilinux uliotupa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi ile ilinifundisha kushangilia kila neno jipya. Miaka iliyofuata imenifundisha kuuliza zaidi ya "neno la kitu hiki ni lipi?" Nauliza kwanza kama ni kitu kimoja. Pengo tunalolilalamikia mara nyingi si la neno. Ni la kutokuwa tumekaa na fundi muda wa kutosha kujua anachokifanya. Tukikaa naye, tunakuta lugha ilishaandaa chakula: mteuzi wa tumbaku, alama za mtihani, mtoto asiyefika, kalamu nyekundu.

Jioni ileile alinitumia sentensi mpya: "Kusahihisha jinsi kiendeshi kinavyobaini daraja la kasi la prosesa kutokana na alama iliyosomwa kwenye fyuzi zake." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na kila neno linabeba mzigo wake. Kisha akaniuliza swali la mwisho. Katika jedwali la Nano aandike "alama ya 11" au "alama 11"?

Nilimwambia aondoe "ya". Ukisema "ya kumi na moja" umemwahidi msomaji kwamba ziko kumi nyingine zilizoitangulia kwa mpangilio, na ataanza kuzitafuta. Ukisema "alama 11" umetaja jina tu, kama nyumba namba 11, na cheo chake kitatoka kwenye jedwali. Akajibu: "Nimeondoa, Mwalimu. Na juu ya kila jedwali nimeandika jina la chipu kwa herufi kubwa."

Hilo la jina juu ya jedwali sikumfundisha mimi.